Vyandarua Vinne vya Bibi Balbina

"Watu wanane?"

"Wanane."

"Wako wapi hao wanane?"

"Bibi yupo nyumbani, saba wako shamba. Dada, sasa hivi Mofu nzima iko shamba. Hukuona milango ilivyofungwa?"

"Sijauliza Mofu nzima. Nauliza kaya namba kumi na saba. Shamba lao liko wapi?"

"Huko bondeni."

"Bondeni wapi? Bonde lote hili, mpaka Mngeta huko, wewe unaniambia bondeni?"

"Mimi nimezaliwa humu, wewe ndiye wa kuja! Na niliajiriwa kudodosa, sikuajiriwa kupima mashamba ya watu."

"Haya, mzaliwa. Na vyandarua?"

"Vimefanyaje?"

"Umeandika vinne. Vyote vimetundikwa, umeviona kwa macho yako. Kweli si kweli?"

"Kweli. Niliingia mpaka vyumbani. Vinne, vyeupe, vimechomekwa chini ya godoro kama vya hospitali."

"Sasa niambie wewe uliyezaliwa humu. Watu saba wameenda kulala kwenye dungu, maji chini, mwezi wa nne huu, mbu kama pumba za mpunga. Vyandarua wakaviacha nyumbani. Vinamlinda nani?"

Beno akashusha macho.

Walikuwa wawili tu kwenye baraza ya gesti pale Ifakara, yeye na Nelly, msimamizi wake. Wadodosaji wengine walishamaliza kutuma kazi zao za siku, wakaenda kutafuta chipsi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Nelly alikuwa amekishika kishikwambi mkononi, skrini imemwelekea Beno. Hakupandisha sauti hata mara moja, na ndicho kilichokuwa kinamuudhi Beno zaidi. Yeye alikuwa ameshapiga kelele mpaka mhudumu wa gesti akachungulia.

Lakini suala la chandarua lilimfunga mdomo. Kule kwao mtu akihamia shamba msimu wa mpunga, vinafungwa vitu vitatu kwanza: sufuria, jembe na chandarua. Mtoto anaweza kusahaulika akarudiwa kesho yake. Chandarua hakisahauliki. Dungu ni kibanda cha miti juu ya miguu mirefu, halina ukuta wa maana, na mtu anakaa humo miezi anafukuza ndege na nguruwe. Anayelala huko bila chandarua huyo hajaenda kulima, ameenda kufa.

Beno aliyajua hayo tangu ananyonya. Halafu akaingia kwenye nyumba ile, akaviona vyandarua vinne vimetundikwa, akahesabu moja, mbili, tatu, nne, akabonyeza, akatoka.

"Mimi wa kuja nimeliona hili kwenye skrini," Nelly akasema. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga yeye akiwa mgongoni, kwa hiyo hilo neno la wa kuja alishalisikia maisha yake yote, na Beno alikuwa anajua. "Wewe mwenyeji umeliona kwa macho, ukapita."

"Samahani, dada."

"Sitaki samahani. Nilimpigia mwenyekiti wa kitongoji. Huyo bibi anaishi peke yake, huu mwaka wa sita. Shamba lake analima mtu mwingine."

"Si ulikuwa unajua! Unaniuliza ya nini?"

"Nilitaka nijue unadanganya au umedanganywa. Hayo ni makosa mawili, na dawa zake ni mbili."

"Nimedanganywa."

"Naona." Akakizima kishikwambi. "Kesho unarudi Mofu. Unamuuliza upya. Neno la mwenyekiti si data, Beno. Data ni neno la mwenye kaya. Usimwambie bibi kwamba mwenyekiti kasema. Usimwambie kwamba amekuongopea. Usimlishe jibu, usitikise kichwa, usimwonee huruma. Unasoma swali kama lilivyo, unasubiri."

"Akisema wanane tena?"

"Basi nitajua kwamba watu wakikudanganya huwezi kuona, na sijui wamekudanganya kwenye kaya ngapi nyingine. Nafuta kijiji chako chote. Dodoso ishirini na mbili. Na Jumatatu tunahamia Mngeta bila wewe. Mwisho kesho saa saba mchana."

Akaingia ndani.

Sasa ile kazi, tuseme ukweli, haikuwa saizi ya Beno. Alikuwa ameishia kidato cha pili, akatoka bila hata kuaga, akaenda kubeba magunia mashineni. Wadodosaji wenzake wote walikuwa na vyeti. Yeye alipenya kwa sababu mradi ulihitaji mtu anayezijua njia za Mofu na asiyeogopa tope, na kwa sababu siku ya usaili Nelly aliuliza sampuli ni nini, wale wa vyeti wakaanza kutafuna maneno ya darasani, Beno akasema, "Si bambo tu?"

Wenzake wakacheka. Nelly hakucheka. Akamwambia aendelee.

Akaeleza. Mnunuzi akija mashineni hafungui magunia mia moja. Anachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, anachoma gunia, anavuta, mchele kidogo unamwagikia kiganjani. Hicho kiganja ndicho kinasemea gunia zima. Lakini mkulima mjanja anajua mnunuzi mvivu huchoma juu, kwa hiyo mchele mzuri anauweka juu, chenga anazishindilia chini. Mnunuzi akichoma magunia ya karibu tu, au akichoma pale mwenye mali anapomwelekeza, ameliwa. Anayejua kazi anachoma popote, juu, chini, ubavuni, gunia lolote, bila kuangalia sura ya mtu.

"Hiyo ya kuchoma juu tu," Nelly akawaambia wale wengine, "ndiyo inaitwa upendeleo. Si lazima uwe na roho mbaya. Unaweza ukawa mvivu tu, au mwema kupita kiasi." Kisha akaandika jina la Beno.

Kwa hiyo alikuwa anaipenda. Si kwa sababu ya fulana yenye nembo. Mashineni mwaka mzima kuna watu hawakuwahi kumuuliza kitu zaidi ya "Unabeba?" Kwenye kazi hii alikuwa anabisha hodi, watu wanamkaribisha, wanamtolea kigoda, wanamjibu. Kwa dakika arobaini anakuwa na mtu wa kuongea naye. Wenzake walikuwa wanalalamika dodoso ni refu. Yeye lilikuwa linamwishia mapema.

Jioni ile hakwenda kula. Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga kule Kibaoni. Mama mwenye nyumba alikuwa nje anapepeta mchele.

"Beno, mkeo hajarudi tu? Mavuno yanakaribia."

"Yuko shamba, mama. Kwao Mngeta. Mwaka huu wamelima kubwa."

"Msalimie."

"Zimefika."

Akaingia, akafunga mlango. Kitanda, ndoo, viatu. Juu ya kitanda chandarua cha bluu walichonunua pamoja sokoni, yeye na mkewe Levina, wiki waliyohamia. Levina aliondoka mwezi wa pili mwaka jana. Alisema anaenda kumsaidia baba yake shamba. Alibeba sufuria, akabeba kanga zote, akabeba hata kijiko cha kukorogea. Mavuno yakapita. Watu wakarudi na magunia, mji ukajaa. Beno akasema mwaka huu wamechelewa. Msimu mwingine ukaingia, akafurahi moyoni, kwa sababu msimu ukiingia hakuna anayemshangaa mwanaume aliye peke yake.

Akalala chali anakiangalia kile chandarua mpaka giza likakimeza.

*

Asubuhi alichukua bodaboda ya Obed, kijana anayeijua barabara ya Mofu kuliko anavyoijua Biblia, japo jina lake ni la kwenye Biblia. Mvua ilikuwa imenyesha. Mara mbili walishuka wakasukuma. Pande zote mpunga umesimama kijani, maji yanameta chini yake, na huku na huko dungu limesimama peke yake kama mtu anayesubiri usafiri. Juu ya dungu moja mtoto alikuwa anapiga debe kufukuza ndege, na nyuma yake chandarua kimeanikwa.

"Unaona kile chandarua?" Beno akapaza sauti.

"Kimefanyaje?"

"Hamna."

Njia nzima alikuwa anakumbuka alivyofika kwa yule bibi siku nne nyuma. Siku ile alikuwa amechoka na milango iliyofungwa. Orodha ya kaya ilitolewa na kompyuta kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la kijiji, na bahati nasibu haijui habari za mpunga. Kaya ya tatu, kufuli. Kaya ya tisa, kufuli na kuku mmoja. Na sheria ya Nelly ilikuwa kali: nyumba ikifungwa usihamie ya jirani kwa kuwa tu ina mtu. Rudi. Mara tatu rudi. Ukihoji waliopo tu, utahoji wazee na wagonjwa, kisha utaandika kwamba bonde zima ni wazee na wagonjwa.

Kaya ya kumi na saba ilikuwa wazi. Bibi mmoja mwembamba, rozari shingoni, alikuwa amekaa mlangoni kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa. Nilishaanza kutafuta mwingine."

Beno alicheka, cheko la kwanza siku ile. Alimweleza kwamba nyumba yake imechaguliwa.

"Mimi? Kanichagua nani?"

"Hakuna mtu, bibi. Bahati nasibu."

"Hiyo bahati imetoka wapi leo?"

Halafu Beno, kwa kumfurahisha tu, akaongeza kitu ambacho hakimo kwenye dodoso. Akamwambia kwamba kwenye utafiti kila kaya iliyochaguliwa ina uzito wake. "Wewe hapa umesimama badala ya kaya sitini, bibi. Utakachosema, ni kama nyumba sitini zimesema."

"Sitini!" Bibi akasimama. "Ngoja basi, siwezi kuzisemea nyumba sitini na kanga iliyotoboka." Akaingia ndani, akarudi na gauni la kanisani.

Majibu yake yalitiririka. Leodegar, mwanangu wa kwanza, na mkewe. Aurelia. Wendelin. Eveline na wanawe wawili. Wote shamba, mjukuu wangu, si unajua msimu. Wakirudi hapa hapakaliki, kelele tu. Akamwonyesha vitanda. Akamwonyesha vyandarua. Akampa wali na kambale wa kukaushwa, Beno akala mpaka akalegeza mkanda. Dodoso la dakika arobaini lilichukua saa mbili na nusu. Alipokuwa anaondoka bibi akamuuliza, "Na kwako mnalala wangapi?"

"Wawili. Mke wangu yuko shamba. Mngeta."

Bibi alimwangalia kidogo, akatikisa kichwa. "Msimu," akasema.

"Msimu," Beno akajibu.

*

Obed alimshusha penye kisima, akabaki anasafisha tope kwenye mnyororo. Beno akamalizia kwa miguu. Saa nne na nusu. Bibi Balbina alikuwa uani anaanua dagaa kwa sababu ya wingu. Alipomwona, uso wake ukafunguka wote, na hapo ndipo Beno alipotamani Obed awe amepata pancha njiani wasifike kabisa.

"Mume wangu! Nilijua utarudi. Wengine wakishakula hawarudi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Nina uji."

"Asante, nimeshiba. Bibi, nimerudi kikazi. Kuna maswali inabidi niyasome upya."

"Yale yale?"

"Machache."

Bibi akakaa. Akaivuta kanga yake vizuri begani. Safari hii hakukimbilia gauni.

Beno akawasha kishikwambi. Skrini ikakataa mara mbili. Akasoma kama alivyoagizwa, bila kutikisa kichwa, macho kwenye maandishi.

"Naomba unitajie watu wote ambao kwa kawaida wanaishi na kula katika kaya hii, pamoja na walioenda shamba msimu huu na wanaotarajiwa kurudi baada ya mavuno."

Kuku alipita katikati yao.

"Nilikutajia."

"Ndiyo, bibi."

"Umewasahau? Leodegar na mkewe. Aurelia. Wendelin..."

Aliendelea mpaka mwisho, kwa mpangilio ule ule, kama mtu anayesoma litania. Beno hakubonyeza kitu. Sheria ilisema asubiri. Alisubiri. Akasikia pikipiki ya Obed inajaribiwa kule kisimani, ikazima.

"Mbona huandiki?"

"Nasubiri kidogo, bibi."

"Unasubiri nini? Kuna mtu kakwambia kitu?"

Hapo alitakiwa anyamaze. Akatazama mlango wa chumba, ulikuwa wazi nusu, na ndani chandarua cheupe kimening'inia, kimetulia, hakina hata kumbikumbi mmoja aliyekwama. Uongo hakuuweza, na ukweli alikuwa amekatazwa.

"Bibi, wale walioko shamba," akasema, "wanalala ndani ya nini?"

Bibi Balbina akauvuta ungo wa dagaa. Alizaliwa bondeni humo humo, alilelewa kwenye dungu, aliyajua hayo kuliko Beno na Nelly kwa pamoja. Mikono yake ikaanza kuchambua dagaa, mmoja mmoja, kichwa huku, mwili huku. Alichambua wengi.

"Ukaingia mpaka chumbani," akasema mwishowe. "Nilikupeleka mwenyewe. Mjinga mimi."

"Si ujinga, bibi."

"Nyamaza. Unajua nilivipataje? Kila wakija kugawa nawapa majina yale yale. Watu saba na mimi. Wananipa vinne. Vya zamani nafungia mbuzi, vipya natundika. Nikilala nasikia viko vyumba vyote." Akatupa kichwa cha dagaa kwa kuku. "Leodegar yuko Kidatu kwenye miwa. Ana mwanamke mwingine hata simjui jina. Aurelia, Dar. Wendelin sijui. Eveline alinipigia Krismasi, akakata kabla sijasikia sauti za watoto."

"Pole, bibi."

"Usinipe pole, wewe andika kazi yako. Kiangazi wanapiga domo hapa kijijini, Balbina kaachwa, Balbina kaachwa. Lakini mvua ikianza tu kila nyumba inabaki na mzee mmoja na paka. Naenda kisimani kifua mbele. Nikiulizwa, wako shamba. Nani atabisha? Miezi sita ya mwaka mimi ni kama watu wengine."

Beno alikuwa anaangalia miguu yake. Alihisi kama kuna mtu amefungua mlango wa chumba chake kule Kibaoni, akaingia bila hodi, akasimama katikati.

"Ila ungeweza kuniambia mimi," akasema. "Mimi ni mpita njia tu."

"Wewe?" Bibi akanyanyua kichwa, na sasa alikuwa na hasira kweli. "Si wewe uliyesema nimesimama kwa nyumba sitini? Si kwa mdomo wako? Nilitaka kusema. Naapa mbele ya Mama Maria, nilitaka kusema, kwa sababu ulikuja na adabu. Halafu ukaniletea nyumba sitini. Sasa nikisema niko peke yangu, si nimewatia watu sitini kwenye shimo langu? Nyumba sitini za watu, wenye waume zao na watoto wao, niwaandikishe wapweke kwa sababu yangu?"

Beno akaelewa. Nelly aliwaambia usiongeze neno ambalo halipo, hata la kuchekesha, hata la kumtoa mtu aibu. Aliona ni sheria za watu wa vyeti. Kumbe bambo alilielekeza yeye mwenyewe.

"Haiko hivyo, bibi. Nilikueleza vibaya. Wewe huwatii popote. Kama wapo, tayari wapo. Wewe ukisema ukweli unawaonyesha tu."

"Wapo?"

"Kwenye hesabu, ndiyo."

"Hesabu, hesabu. Wako wapi? Nitajie mmoja. Mmoja tu anayelala kama mimi na kesho anasema wako shamba. Nitajie jina, nitakuandikisha huo ukweli wako."

Kishikwambi kikazima chenyewe kwa kukaa muda mrefu. Beno akajiona kwenye skrini nyeusi, uso wake na wingu nyuma.

Usimlishe jibu. Usimwonee huruma. Mambo yako yaache nyumbani.

"Kile chandarua chetu ni cha bluu," akasema.

Bibi akaacha kuchambua.

"Levina alibeba sufuria, bibi. Alibeba mpaka kijiko. Chandarua alikiacha. Mtu wa Mngeta, amezaliwa kwenye mpunga, anaenda shamba anaacha chandarua. Nilikiona siku ile ile nikirudi kutoka mashineni. Nikasema amesahau." Akakipangusa kishikwambi kwenye fulana. "Mwaka na miezi miwili sasa. Mwenye nyumba ananiuliza kila jioni."

Upepo ukaanza kuleta harufu ya mvua. Bibi Balbina alimwangalia muda mrefu, bila ile tabasamu, bila kumwita mume wangu.

"Kwako ulilala na nani usiku wa kuamkia leo?" akamuuliza, kwa maneno yale yale ya dodoso. Alikuwa ameyashika.

"Peke yangu."

"Sema namba."

"Mmoja."

"Haya." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Washa hicho kidude chako. Andika. Balbina, mjane, miaka sitini na nane. Mmoja."

Beno akaandika. Skrini ikamuuliza kama ana uhakika anataka kufuta wanakaya saba. Wakatokea kwa majina, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na kisanduku chake. Ilibidi awabonyeze mmoja mmoja. Leodegar. Mke wa Leodegar. Aurelia. Bibi alikuwa amesogea anachungulia juu ya bega lake, hajui kusoma vizuri lakini majina ya wanawe anayajua yalivyo. Alipofika kwa wale wajukuu wawili, Beno akasikia pumzi ya bibi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Saa tano na robo. Akatuma. Mtandao wa Mofu ulikuwa mbovu, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kikaandika: kaya imekamilika. Nelly angeona kabla ya saa saba. Dodoso ishirini na mbili zimepona. Jumatatu Mngeta, pamoja na timu. Jana jioni hilo ndilo alilokuwa analililia, maana moyoni alishaanza kuomba kompyuta ichague nyumba ya kina Levina, ili abishe hodi na fulana ya mradi na awe na sababu. Sasa alilitafuta hilo ombi lake hakulipata. Hata kompyuta ikiichagua nyumba hiyo, atamwambia Nelly kwamba anawajua, ipewe mdodosaji mwingine.

Akasimama. Bibi naye akasimama, ungo wa dagaa kiunoni. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.

"Utarudi lini?"

Kaya ikishakamilika mdodosaji harudi. Beno aliijua hiyo sheria, lakini aliijua pia barabara, na mvua, na mashine, na alijijua mwenyewe. Neno la "wiki ijayo, bibi" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lilikuwa jepesi. Wali ule na kambale vilistahili walau neno hilo.

"Nijibu kama nilivyokujibu," akasema Bibi Balbina.

"Sirudi, bibi."

Hakushtuka. Aliitika kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea chenji yake kamili. Kisha akageuka na ungo wake, akawapita kuku, akaelekea ndani, na hakuangalia nyuma.